Shajara ya mradi: tangi la shule na futi 157 za mfereji

Alhamisi, 5 Februari 2026. Mkutano wa wiki

Kengele imegongwa saa kumi na mbili na robo jioni. Wanachama 19, wageni wawili. Wimbo wa taifa, dua ya Kiislamu na sala ya Kikristo, kisha sajenti wa klabu akaanza kazi anayoipenda kuliko zote. Faini ni shilingi elfu moja: kwa simu iliyolia, kwa kuchelewa, na kwa bwana mmoja aliyekuja na fulana ya mgombea wa uchaguzi wa Januari. Huyo alidai hana nyingine safi. Akaongezewa elfu ya pili, ya kubisha. Kapu limetoka na 14,000.

Kwa atakayeisoma shajara hii bila kutujua: sisi si Rotary, ule umoja wa kimataifa wa klabu za huduma. Ni klabu ndogo ya huduma hapa Busia, upande wa Uganda. Tumo walimu, wauguzi, wenye maduka, mawakala wa forodha na vijana wa bodaboda. Taratibu tumezikopa Rotary bila haya, kwa kuwa mwenyekiti wetu alilelewa na Rotaract, klabu za vijana za Rotary, alipokuwa chuoni Kampala, na Rotary wapo Kampala tangu 1957. Kengele ni yao, sajenti ni wao, hata yale maswali manne tuliyoyabandika ukutani: Je, ni kweli? Ni haki kwa wote wanaohusika? Litajenga nia njema na urafiki? Litawafaa wote? Aliyeyaandika ni Herbert Taylor mwaka 1932, akihangaika kuokoa kampuni ya sufuria za alumini huko Chicago isifilisike. Mimi hupenda kuwakumbusha wenzangu kwamba aliyatunga mtu wa biashara, maana tunapofika kwenye pesa wapo wanaotaka maswali hayo yabaki ukutani.

Ajenda kuu ilikuwa tangi la maji ya mvua la lita 10,000 katika shule ya msingi tuliyoichagua mwaka jana. Bajeti nzima ni shilingi 10,900,000. Akiba ya klabu inabeba msingi wa mawe na ujira wa fundi, jumla 3,100,000. Tangi lenyewe ni 4,200,000, na hapa nataka kuandika lilivyotokea, kwa sababu ndilo limebadilisha mpango wetu. Mwenyekiti aliposema "tangi", mikono ilipanda kabla hajamaliza. Mwenye duka la vifaa vya ujenzi akaahidi kupunguza bei, wakala mmoja wa forodha akaahidi milioni moja, kina mama wa sokoni wakajipanga kikundi. Chai haijapoa, ahadi zimetimia zote.

Kisha mwenyekiti akasema "mifereji ya paa". Kimya. Mtu mmoja akauliza kama mandazi bado yapo.

Mgeni wetu wa pili ni mwalimu mkuu mstaafu. Akaomba kusema, akasimama na fimbo yake. "Mwenyekiti, mimi nilistaafu nikaacha matangi mawili shuleni. Yote makavu. Yana majina ya wafadhili, yamepakwa rangi nzuri." Mifereji, alisema, ilipigiliwa misumari kwenye ubao uliokwisha kuoza. Mvua ya kwanza ya upepo ikaiangusha, na hakuna fungu lolote la pesa lililotengwa kuirudisha. Sasa mbuzi wanajikinga jua chini ya matangi hayo. Hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba tangi linapigwa picha, mfereji haupigwi.

Mwenyekiti akamwambia, "Mzee, umetusaidia kuliko hundi." Tukakubaliana kwamba uchangishaji wa mwezi huu hautakuwa wa tangi kamwe. Utakuwa wa mifereji, mabomba, koki na matunzo.

Jumamosi, 7 Februari. Vipimo shuleni

Tumekwenda na fundi, mweka hazina na mwalimu wa zamu. Jengo tulilolichagua lina paa la mita 24 kwa 8 likipimwa kutoka chini, yaani mita za mraba 192. Mvua ya milimita moja ikishuka kwenye mita moja ya mraba ni lita moja, hivyo kila milimita ingetupa lita 192. Bati hupoteza kwa kuruka na kumwagika, fundi anahesabu robo tatu hadi nne kwa tano tu ndizo zinazofika. Tukichukua nne kwa tano, tangi linajaa kwa milimita 65 hivi za mvua. Wakati wa masika hizo hazichukui muda, ikiwa maji yana njia ya kufika.

Upande wa matumizi: shule ina watoto 600 na ushei. Wakitumia nusu lita kila mmoja kwa siku kunawa mikono, ni lita 300, na tangi lililojaa linakwenda mwezi mmoja na nusu hivi wa siku za masomo. Mwalimu wa zamu alitaka tuandike "maji ya kunywa" kwenye barua ya kuomba michango, kwa kuwa inavutia zaidi. Muuguzi wetu amekataa kwa simu: maji ya paa ni ya kunawa na kuosha, anayetaka kunywa achemshe. Tumeandika "kunawa".

Ubao wa ukingo wa paa, upande wa magharibi, umeliwa na mchwa. Fundi aliuchoma kwa bisibisi, ikaingia kama kwenye andazi. Hapo ndipo tulipoelewa maneno ya mzee mwalimu, na ndiyo maana bei ya mifereji inahesabu mbao mpya na vishikio vya chuma, si misumari. Mteremko: sentimita moja kwa kila mita, ambao kwa mita 24 ni sentimita 24 kutoka mwanzo hadi mwisho. Fundi alituonyesha kwa uzi na jiwe. Mkiinua kidogo zaidi, anasema, maji ya mvua kubwa yataruka ukingo, na mkilaza, majani yatabaki na mbu watazaa.

Halafu kuna maji ya kwanza, yenye vumbi, majani na kinyesi cha ndege. Kanuni anayoitumia fundi ni kumwaga walau nusu milimita ya kwanza, kwa paa hili lita 96. Nilikuwa nimesoma kuhusu bomba la wima la inchi nne linalozuia maji hayo. Tukapiga hesabu pale pale kwenye mchanga: mita moja ya bomba hilo inabeba lita nane na kitu. Tungehitaji karibu mita 12 za bomba, na paa lenyewe halifiki hata mita nne kwenda juu. Fundi akacheka, akasema tununue pipa la lita 200. Maji ya kwanza yanaingia pipani, likijaa yanapita kwenda tangini, na mtoto mwenye zamu analimwaga mvua ikikatika. Pipa limeingia kwenye bajeti.

Msingi utakuwa wa mawe na zege, kwa kuwa tangi likijaa ni tani 10 za maji pekee. Kimo cha koki kiruhusu jerikeni la lita 20 kusimama chini yake. Kuna wanaopuuza hili, na watoto huishia kukinga kwa vikombe.

Jumla ya mifereji kwa pande zote mbili: mita 48. Mweka hazina, ambaye alianza kazi kwenye duka la mbao, hupima kila kitu kwa futi. Akageuza: futi 157. Akagawa bei ya mifereji, 2,300,000, kwa 157, akanyanyua kichwa na kusema, "Futi moja ni elfu kumi na tano kasoro." Tulirudi mjini tukizungumza hilo tu.

Alhamisi, 12 Februari. Mkutano wa wiki

Wanachama 23, idadi kubwa kwa sababu habari ya futi ilikwisha kusambaa. Faini zimeleta 11,000.

Pendekezo limepita: matembezi ya hisani, fulana ndiyo tiketi. Mfano tumeuona kwa Rotary Cancer Run, mbio zilizoanza 2012 kuchangia kituo cha saratani cha hospitali ya Nsambya, na sasa kila Agosti fulana zake unaziona mpaka kwenye teksi za huku mashariki. Yetu itauzwa 25,000. Kumi za kuchapisha, kumi na tano ni futi moja ya mfereji, na risiti inabeba nambari ya futi yako. Futi zote zikiuzwa tunapata 2,355,000, zile 55,000 za ziada ni za misumari ya mabati. Hajati, mwanachama mwenzetu, alilipia futi ya kwanza kabla hoja haijapigiwa kura. Sajenti akamtoza faini ya kutangulia foleni.

Tarehe ndiyo iliyotuchukua muda. Tulikuwa tumeandika Jumamosi 28 Februari, matembezi saa tatu asubuhi, kisha nyama choma na muziki mpaka jioni. Hajati akafungua kalenda ya simu yake akatuonyesha: Ramadhani inatazamiwa kuandama wiki ijayo, tarehe 18 au 19. Katekista wetu akachungulia, akasema Jumatano ya Majivu nayo ni tarehe 18. Kufunga kwa Waislamu na Kwaresima kwa Wakristo vinaanza wiki moja. Nyama choma ya tarehe 28 tungeila na nani?

Wapo waliotaka kusogeza mpaka baada ya Idi. Hoja yao ilikuwa nzito, kwamba mtu aliyefunga hachangamki. Lakini Idi inaangukia karibu na tarehe 20 Machi, na masika huku huanza Machi. Tukisubiri, mvua ya kwanza inapita bila mfereji, na wote tunajua mafundi wakati wa mvua hawapatikani. Hajati ndiye aliyekata shauri: "Tembeeni alfajiri. Sisi tumeshakula daku, tutakuwa na nguvu kuwashinda ninyi. Na mwezi huu ndio wa kutoa."

Basi: tarehe 28 inabaki, kuondoka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kurudi kabla ya saa mbili na nusu, bila chakula na bila muziki. Fungu la chakula lililoahidiwa na wanachama, 1,150,000, linahamia kwenye mabomba, koki, pipa na akiba ya matunzo, ambavyo vinahitaji 1,300,000. Pengo ni 150,000. Mwenye hoteli, ambaye ndiye angechoma nyama, alinuna kidogo, na sikumlaumu. Baadaye alinunua futi tatu.

Kulikuwa na jambo moja zaidi, na nitaliandika kwa kifupi. Mwanasiasa mmoja ametuma ujumbe: milioni mbili taslimu, tangi lipakwe rangi ya chama chake na apewe dakika kumi za kusema siku ya matembezi. Wapo waliosema pesa haina rangi. Mwenyekiti hakubishana, alionyesha kidole ukutani, swali la pili. Je, ni haki kwa mzazi aliyempigia kura mwingine, ambaye mtoto wake atanawa pale? Kura: 17 wamekataa, wanne wamekubali, wawili wamenyamaza. Tumemwandikia barua ya adabu kwamba anakaribishwa kutembea, na fulana ni 25,000 kwake pia.

Jumanne, 17 Februari. Mchapishaji na mweka hazina

Fulana 160 zimeagizwa, malipo ya nusu yametolewa. Rangi: buluu isiyo na chama. Hilo la rangi lilichukua muda kuliko lilivyostahili.

Mweka hazina ameweka masharti yake ya ukusanyaji, na nayaandika hapa ili asilazimike kuyarudia. Pesa za simu zinaingia kwenye laini moja iliyosajiliwa kwa jina la klabu, na kutoa kunahitaji watu wawili kuwapo. Hatutoi pesa mkononi bila sababu: juu ya ada ya kampuni ya simu kuna kodi ya serikali ya asilimia 0.5 kwenye kila kiasi kinachotolewa. Kwa milioni mbili ni shilingi 10,000 za kodi peke yake, na elfu kumi ni theluthi mbili ya futi. Kwa hiyo muuza mbao na muuza mifereji watalipwa moja kwa moja kwenye simu au benki. Aliyelipa taslimu apate risiti hapohapo. "Hapohapo" alilipigia mstari mara mbili.

Wenzetu wa Busia ya Kenya wanataka kutembea nasi. Swali likawa bei. Shilingi ya Kenya sasa inabadilishwa kwa takriban 28 za kwetu, na mweka hazina alitaka 893. Hajati, ambaye amebadilisha fedha pale mpakani tangu ujana wake, alimwangalia kwa huruma. "Mwanangu, nani atakutafutia shilingi saba za chenji saa kumi na mbili asubuhi? Andika 900." Imeandikwa 900.

Alhamisi, 19 Februari. Mkutano wa wiki

Tumeanza saa kumi na moja jioni badala ya kumi na mbili, ili Waislamu wawahi futari majumbani. Hakuna chai, hakuna mandazi, wanachama 20. Mkutano umekwisha upesi kuliko kawaida, na kuna walionong'ona kwamba tufunge mwaka mzima.

Futi zilizouzwa hadi leo: 74. Walionunua nyingi si wale niliowatarajia. Mawakala wakubwa wananunua moja, wanapiga picha, wanaondoka. Wanaorudi ni kina mama wa mukene, yaani dagaa, na waendesha bodaboda, wanaonunua futi moja wakiwa watatu, elfu tano tano. Kitabu cha risiti hakikuwa na nafasi ya majina matatu, katibu akachora mistari kwa rula. Kuna kikundi cha kidato cha tatu kilichochanga mia tano mia tano mpaka kikafikisha futi moja, na kimeomba iwe ile ya juu ya darasa walilosomea zamani. Fundi amekubali kuitia alama.

Njia: mpango wa awali ulikuwa kupita barabara kuu mpaka karibu na forodha. Afande wa usalama barabarani, tulipompelekea barua, alitupokea vizuri lakini akatuuliza tumewahi kuona foleni ya matrela alfajiri. Tumewahi. Madereva waliolala kwenye usukani ndio wanaanza kuamka na kusogea. Tumegeuza, tunashika barabara ya Majanji na kurudi, kilomita tano, matrela machache, na kivuli cha asubuhi kiko upande mmoja wa barabara. Askari wawili wataongoza, bodaboda mbili za wanachama zitafunga mkia.

Suala la maji njiani limezua mjadala usiohitajika: je, ni adabu kuweka meza ya maji mbele ya waliofunga? Hajati amesema aliyefunga hafunguzwi na meza. Imeisha.

Jambo ambalo halijaisha ni ufunguo wa koki. Shule inasema akae nao mlinzi. Kamati ya wazazi inasema mlinzi atauza maji. Mzee mwalimu, ambaye sasa anakuja kila wiki na tumemsamehe ada, amependekeza funguo mbili: mmoja kwa mwalimu wa afya, mmoja kwa mama mmoja wa kamati anayeishi jirani, na daftari la kuandika nani amemwaga pipa na lini mifereji imefagiliwa. Yeye anataka ifagiliwe kabla ya kila msimu wa mvua, Machi na Agosti mwishoni. Kamati itajibu wiki ijayo.

Alhamisi, 26 Februari. Mkutano wa mwisho kabla ya matembezi

Wanachama 24. Faini hazikutozwa, sajenti mwenyewe alichelewa na hakuna aliyekuwa na mamlaka juu yake. Jambo hili lirekebishwe kwenye katiba.

Futi zilizouzwa: 131. Zimebaki 26. Pengo la 150,000 la mabomba limezibwa na Wakenya wenyewe, walioleta mchango wa pamoja pembeni ya fulana zao. Fundi ameanza kubadili ubao uliooza kwa pesa zilizokwisha kuingia, kwa sababu mawingu ya juzi yametutisha. Matone yalikuwa machache, lakini mwalimu wa zamu alipiga simu mara moja kuuliza mifereji iko wapi. Tunasogea.

Fulana zimefika, 158 kati ya 160. Mbili zilichapishwa nembo kichwa chini, mchapishaji atazirudia. Ukubwa mdogo ni mwingi mno, ukubwa mkubwa haba. Watu wetu wana vifua.

Kamati ya wazazi imekubali funguo mbili na daftari. Walikuwa na sharti lao: akiba ya matunzo, yaani 600,000 kati ya zile 1,300,000, ikae kwenye akaunti ya kamati na si ya shule, na klabu iione taarifa kila muhula. Baadhi yetu tuliona ni kutokuaminiana. Mimi naona ni afadhali kutokuaminiana kulikoandikwa kuliko kuaminiana kusikoandikwa, na tumetia sahihi.

Kazi za kesho na keshokutwa: vijana wa bodaboda wachukue vizibao vya kung'aa kwa mwenyekiti kesho saa mbili asubuhi. Muuguzi alete sanduku la huduma ya kwanza na chumvi za kuongeza maji mwilini kwa wasiofunga. Katibu awapigie simu askari wawili kesho jioni. Kengele ya klabu ipelekwe mahali pa kuanzia, itatumika kuondoa watembeaji. Meza ya kuuza iwe tayari saa kumi na mbili kamili, futi ya 132 hadi ya 157. Hajati ndiye mwenye kitabu cha risiti, na amesema harudi nyumbani nacho kikiwa na karatasi nyeupe.